Python: kwa nini kambi[1:4] inatoa tatu tu? Na njia fupi za kuchomoa kitu kwenye orodha

#1 MwanaWaMarangu
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nafanya kazi ofisi ya kupandisha wageni mlimani, na tangu Machi najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe usiku watoto wakilala. Natengeneza programu ndogo ya ratiba za mlima. Njia ya Marangu nimeiweka hivi:

kambi = ["Langoni", "Mandara", "Horombo", "Kibo", "Gilman's", "Uhuru"]

Nataka zile tatu za kulala, Mandara mpaka Kibo. Nikaandika kambi[1:3], ikatoa Mandara na Horombo, Kibo hakuna. Nikaandika kambi[1:4], zikatoka zote tatu, ila ukihesabu kuanzia 0 namba 4 ni Gilman's na Gilman's yenyewe haikutoka! Halafu nikitaka cha mwisho naandika kambi[len(kambi)-1], yaani idadi ya vyote toa moja, mkono unachoka.

Maswali mawili. Kwa nini namba ya mwisho haihesabiwi? Na ninyi wazoefu mnachukuaje vitu kwenye orodha kwa ufupi? Naomba maelezo ya maandishi, bando la video sina.

#2 KondaWaUsaRiver
Naweka kambi hapa. Baridi ya Horombo siiwezi.

#3 BintiNjiro
Karibu kwenye Python kaka. Kwa kuanzia, hizi ndizo natumia kila siku:

kambi[0] cha kwanza
kambi[-1] cha mwisho, bila len
kambi[-2] cha pili kutoka mwisho
kambi[:3] vitatu vya mwanzo
kambi[-2:] viwili vya mwisho
kambi[::2] kimoja ruka kimoja
kambi[::-1] orodha nzima kinyumenyume

Na ukitaka kugawa kwa mara moja:

mwanzo, *njiani, kilele = kambi

mwanzo inakuwa "Langoni", kilele "Uhuru", na zote za katikati zinaingia kwenye njiani kama orodha. Hiyo nyota ilikuja na Python 3.0 mwaka 2008. Ukikuta mafunzo ya zamani ya Python 2 hutaiona.

Swali la kwanza nawaachia wenye maelezo marefu.

#4 Horombo3720
Kabla ya Python, tusahihishe mlima. Ukipanda Marangu, kati ya Gilman's na Uhuru unapita Stella Point. Umeiruka.

#5 MwanaWaMarangu
#4 kweli mkuu, niliiacha kwa sababu wageni wetu huwa tunawaandikia Gilman's na kilele tu. Lakini naiongeza.
#3 asante sana dada. Hiyo -1 peke yake imenilipa jioni nzima.

#6 MzeeWaSanawari
Nijibu la kwanza. Nimefundisha lugha ya C miaka mingi, na jibu liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Orodha inapangwa mfululizo kama nyumba za mstari mmoja. Kompyuta inajua nyumba ya kwanza ilipo, basi. Ukisema a[3] unaiambia: simama mwanzo, songa hatua 3. Cha kwanza hakihitaji hatua, kwa hiyo ni a[0]. Namba hiyo haitaji nafasi. Inataja umbali.

Kwenye C, a[3] ni njia fupi ya kuandika *(a+3). Na kwa kuwa a+3 ni sawa na 3+a, hata 3[a] inafanya kazi. Wanafunzi wangu walikuwa wanakataa mpaka niwaonyeshe. Aliyeanzisha utaratibu huu wa sifuri ni Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi.

#7 KijanaNgaramtoni
Shikamoo mzee. Hapo kwa Dijkstra naomba nikusahihishe kwa heshima. Yeye aliandika waraka wake wa kutetea sifuri Agosti 1982, kwa mkono, namba EWD831. Lugha ya BCPL ya Martin Richards ilikuwa imeshaanza na sifuri mwaka 1967, na C ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Dijkstra alikuta mtoto ameshazaliwa, akaja kutoa sababu za kumpenda.

#8 MzeeWaSanawari
Marahaba. Uko sahihi, nimechanganya. Maelezo ya umbali yanabaki.

#9 KijanaNgaramtoni
Yanabaki kwa C mzee, lakini hayajibu swali la huyu ndugu. Yeye ameuliza kwa nini namba ya MWISHO haihesabiwi. Umbali unaeleza mwanzo tu.

Hoja ya Dijkstra ndiyo inayojibu. Chukua namba 2 mpaka 12. Unaweza kuzitaja kwa njia nne: ukijumlisha ncha zote, ukiacha zote, ukijumlisha ya kwanza na kuacha ya mwisho, au kinyume chake. Akasema bora ni kujumlisha ya kwanza na kuacha ya mwisho, yaani kuanzia 2, chini ya 13. Kwa nini? 13 toa 2 ni 11, na ndivyo zilivyo, kumi na moja kamili. Huongezi moja wala hutoi moja. Pia vipande viwili vinavyofuatana vinaungana bila kugongana: cha kwanza kinaishia 13, kinachofuata kinaanzia 13.

Sasa rudi kwenye kambi[1:4]. 4 toa 1 ni 3. Kambi tatu. Na kambi[:3] + kambi[3:] inarudisha orodha nzima, hakuna kambi iliyorudiwa wala iliyopotea.

#10 Horombo3720
Na Guido van Rossum aliyeitengeneza Python naye ni Mholanzi. Toleo la kwanza la 1991. Aliwahi kueleza mwenyewe kwamba kilichomvuta kwenye sifuri ni jinsi ukataji wa vipande unavyokaa vizuri, hasa ukitaka vya mwanzo kadhaa au ukigawa orodha vipande viwili. Kwa hiyo kwa Python naona #9 yuko karibu zaidi kuliko mzee.

#11 ChanziKisa
Hiyo yote ni mazoea jamani. Lugha ya Fortran ya 1957 inaanza na 1. Lua ya Brazil, 1993, inaanza na 1. R, MATLAB, Julia, zote 1. Hakuna aliyekufa. Mimi nafanya utafiti wa mvua huku Tengeru, nimetumia R miaka sita na data zangu ziko salama.

Niliumia siku nilipohamia Python. Kwenye R ukiandika x[-1] maana yake ni "nipe vyote ISIPOKUWA cha kwanza". Kwenye Python x[-1] ni "nipe cha mwisho". Herufi zilezile! Nilikuwa na safu ya vipimo vya mvua vya kila siku, cha kwanza kilikuwa cha siku ya kufunga kipima mvua, hakifai, nikawa nakitoa kwa x[-1]. Nikahamisha hiyo kodi kwenye Python bila kufikiri. Wastani wa mwezi ukawa kipimo cha siku moja, tarehe 30. Bahati nzuri siku hiyo ilinyesha milimita 61, nikaona wastani wa Tengeru umekuwa wa msitu wa Kongo. Ingekuwa siku ya kawaida nisingegundua.

#12 KondaWaUsaRiver
Nimesoma "nikahamisha kodi" nikajua TRA wamefika.

#13 BintiNjiro
#11 pole sana. Kwa wanaotoka R: kile mnachoandika x[-1] kwenye Python ni x[1:].
Na wanaokwenda JavaScript msibebe -1 yenu, arr[-1] inatoa undefined, haipigi hata kelele. Tumia arr.at(-1), iliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2022. Kabla ya hapo ilikuwa arr[arr.length - 1] kila mahali, na macho yalikuwa yanauma.

#14 UruMashariki
Mimi naona mnazunguka mbali. Mama yangu anauza ndizi Mbuyuni, na hili nililielewa nikiwa nimekaa naye kwenye gunia.

Mkungu ukifika mteja anasema nataka chane tatu za hapa katikati. Mama hagusi chane. Anaangalia kisu kipite wapi. Kisu kinapita katikati ya chane na chane, kwenye bua. Sasa chukua orodha ni mkungu umelazwa, na namba ni mahali pa kisu:

kisu 0, Langoni, kisu 1, Mandara, kisu 2, Horombo, kisu 3, Kibo, kisu 4, Gilman's, kisu 5, Uhuru, kisu 6

kambi[1:4] maana yake kata kwenye kisu 1, kata kwenye kisu 4, kilichobaki katikati tia kwenye kapu. Mandara, Horombo, Kibo. Gilman's iko upande wa pili wa kisu, itatokaje? Hakuna cha kujumlisha wala kuacha. Kisu hakina ndizi.

#15 MwanaWaMarangu
#14 hii nimeiona kwa macho kabisa. Nimechora kwenye karatasi na nimeibandika juu ya meza.

#16 MzeeWaSanawari
Nzuri. Lakini kambi[1] peke yake, bila nukta mbili, ni kisu gani?

#17 UruMashariki
Chane inayoanza baada ya kisu 1, mzee. Mandara.

#18 ChanziKisa
Basi umeshakuwa na sheria mbili, ya kisu na ya chane.

#19 AminaKwaMrombo
Swali la pembeni, kwa nini tunasema sifuri ni kitu kigeni wakati saa zetu zinafanya hivyohivyo? Jua likichomoza hatusemi saa moja. Tunasubiri saa nzima ipite ndipo tunasema saa moja asubuhi. Ile saa ya kwanza ya mchana, mtu anapoamka, kuswaki na kuwahi kifodi, inapita kabla moja haijatajwa. Huo ni umbali aliousema mzee: saa moja maana yake saa moja imeshapita.

#20 KondaWaUsaRiver
Ila wakati huo tunauita saa kumi na mbili, hatuuiti saa sifuri.

#21 AminaKwaMrombo
12 % 12 kwenye Python, yaani baki la 12 ukigawa kwa 12, ni ngapi?

#22 KondaWaUsaRiver
Nimejaribu. 0. Nimenyamaza.

#23 MzeeWaSanawari
#19 binti, ningekuwa bado nafundisha ningeanza somo la kwanza na saa yako.

#24 KijanaNgaramtoni
#14 naheshimu kisu cha mama, lakini kinavunjika ukirudi nyuma. Wageni wakishuka tunataka Kibo, Horombo, Mandara. Andika kambi[3:0:-1]. Kwa hesabu ya kisu, kati ya kisu 3 na kisu 0 kuna Horombo, Mandara na Langoni. Jaribu uone kinachotoka.

#25 UruMashariki
Nimejaribu. Kibo, Horombo, Mandara. Umenishika.

Hapo inahesabu chane zenyewe: anzia ya 3, rudi, simama kabla ya kufika 0. Mimi kwa kushuka nakata kwanza halafu nageuza: kambi[1:4][::-1]. Inatoa hizohizo tatu na kisu kinabaki salama.

#26 KijanaNgaramtoni
Inatoa sawa. Lakini umekwepa swali.

#27 KaraniWaKahawa
Jamani nami nina yangu, na sitaki mwingine ayapate. Niko chama cha msingi cha kahawa huku juu. Kila jioni natoa orodha ya wakulima waliopima baada ya saa kumi, kwa sababu mzigo wao unaingia hesabu ya kesho. Nilifurahia hiyo njia ya #3 ya vya mwisho:

wa_jioni = wakulima[-n:]

n ni idadi yao. Wiki tatu imekwenda vizuri. Jumamosi moja ikanyesha mchana kutwa, hakuna aliyekuja baada ya saa kumi. n ikawa 0. Nikategemea orodha tupu. Ikatoka orodha ya WOTE, wakulima mia na kitu, kilo zao zote zikasukumwa kesho yake. Jumatatu wazee walikuja na stakabadhi mkononi, mmoja mmoja, wananionyesha tarehe. Hakuna aliyenitukana. Ndiyo iliuma zaidi.

#28 UruMashariki
Pole mno. Na hapa kisu kinaeleza vizuri kuliko yote. Visu vya hasi vinahesabiwa kutoka chini: -1 kiko juu ya chane ya mwisho, -2 juu ya ile inayofuata. Kile kisu cha chini kabisa, baada ya chane ya mwisho, hakina jina la hasi, maana kingeitwa -0, na -0 ni 0 ileile ya juu. Ukisema [-0:] umekata juu kabisa, mkungu wote ni wako.

#29 BintiNjiro
Kosa langu kutotahadharisha kwenye #3. Salama ni wakulima[len(wakulima)-n:].

#30 KijanaNgaramtoni
Dada, siyo salama kabisa. Ikiwa wakulima ni 3 na n kwa bahati mbaya ni 5, unapata 3-5 = -2, na utapewa wawili wa mwisho badala ya wote watatu. Andika wakulima[max(len(wakulima)-n, 0):].

#31 BintiNjiro
Kweli. Imeshakuwa ndefu kuliko ilivyoanza, lakini ni sahihi. KaraniWaKahawa tumia hiyo.

#32 ChanziKisa
Ndiyo maana nasema ufupi siyo kila kitu. Kwenye R ni tail(wakulima, n). Unasoma, unaelewa, na n ikiwa 0 unapata tupu.

#33 Horombo3720
Tuongeze moja, maana wageni wengi huanguka hapa. Orodha ikiwa tupu, kambi[-1] na kambi[0] zinaleta IndexError, yaani kosa la namba isiyopo kwenye orodha. Kipande hakilalamiki kamwe: kambi[-1:] ya orodha tupu inatoa [], na kambi[0:100] inatoa zilizopo tu. Wengine wanaona ni upole, mimi naona ni hatari, kwa sababu ukikosea mpaka hakuna anayekwambia.

#34 MzeeWaSanawari
MwanaWaMarangu, mbona umekazana na hili swali hivyo? Kambi tatu tu ungeziandika kwa mkono.

#35 MwanaWaMarangu
Mzee, nieleze ukweli.

Kabla ya kuja ofisini nilipanda miaka minne kama mgumu, yaani mpagazi. Nabeba kilo ishirini za mgeni, naujua mgongo unavyokuwa Kibo saa tisa usiku. Nilipopewa kompyuta nilisema kazi ya kwanza ni orodha ya malipo ya wagumu, isichelewe tena.

Safari ya mwezi uliopita walikuwa kumi na nne. Nikaandika:

for mtu in wagumu[1:14]:

Nilidhani moja mpaka kumi na nne. Nikachapa, nikatazama jina la chini, ni lile lile la mwisho kwenye daftari, nikaridhika. Zikatoka bahasha kumi na tatu. Aliyekosekana ni namba 0, yule wa juu kabisa. Na orodha yetu inaandikwa kwa jinsi watu wanavyofika asubuhi. Kwa hiyo aliyeachwa ni yule aliyewahi kuliko wote, alikuwa langoni kabla hata mlinzi hajafungua.

Alisubiri pale Marangu mpaka saa mbili usiku, koti limelowa, akidhani bahasha yake inakuja na gari la pili. Gari la pili halikuwepo. Nililipa asubuhi yake kwa fedha ya mfukoni mwangu na nikaenda mwenyewe mpaka kwake kuomba radhi. Akaniambia "si neno mdogo wangu, kompyuta nayo inajifunza." Kompyuta haikukosea. Nilikosea mimi.

Ndiyo maana nataka kuelewa. Kuambiwa tu niandike nini hakunitoshi.

#36 AminaKwaMrombo
Umenitoa machozi kaka. Mungu akubariki kwa kwenda mwenyewe.

#37 KaraniWaKahawa
Tuko pamoja ndugu yangu. Nakujua unavyojisikia.

#38 MzeeWaSanawari
Nimekuelewa. Basi sikia la mtu mzima: ukitaka WOTE, usiweke namba yoyote.

for mtu in wagumu:

Hakuna 0, hakuna 1, hakuna 14. Ukihitaji kuwapa namba kwenye bahasha:

for namba, mtu in enumerate(wagumu, 1):

Hiyo 1 inaanza kuhesabu kama watu wanavyohesabu, lakini haimwachi mtu. Wa kwanza anapewa 1, wa mwisho 14.

#39 KijanaNgaramtoni
Hapa nakubaliana na mzee asilimia mia. Na kabla ya kuchapa weka assert len(bahasha) == len(wagumu). Zikipishana programu inagoma.

#40 ChanziKisa
Angalieni hata mzee wa sifuri amerudi kwenye 1 alipofika kwa binadamu.

#41 MzeeWaSanawari
Kwenye bahasha, ndiyo. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni sifuri, na hapo sitoki.

#42 KondaWaUsaRiver
Nami nijifunze basi. Nimeandika vituo vyangu:

vituo = ["Arusha", "Tengeru", "Usa River", "Kikatiti", "Maji ya Chai", "KIA", "Bomang'ombe", "Moshi"]

vituo[2:-1] inanipa Usa River mpaka Bomang'ombe. Sawa?

#43 Horombo3720
Python sawa. Barabara siyo. Ukitoka Usa River unakutana na Maji ya Chai kwanza ndipo Kikatiti. Na wewe ndiye konda!

#44 KondaWaUsaRiver
Nilikuwa naandika huku gari linatembea. vituo[3], vituo[4] = vituo[4], vituo[3]. Imekaa?

#45 BintiNjiro
Imekaa, na ni mstari mmoja. Umefaulu.

#46 MwanaWaMarangu
Nimebadilisha yote usiku huu kama mzee na KijanaNgaramtoni walivyosema. Nimeijaribu kwa orodha ya safari ya kesho, watu kumi na mmoja. Bahasha kumi na moja. Jina la juu nimelisoma kwa sauti, halafu la chini.

Sasa Machame ina kambi nyingi zaidi na kila kambi nataka iwe na urefu wake kutoka usawa wa bahari. Nikiweka orodha ndani ya orodha, kilele nakichukuaje? machame[-1][0]?

#47 UruMashariki
Ndiyo hiyo. Mkungu kwanza, halafu chane. Na [-1][1] itakupa 5895.